Shingoni mwa Mpwa Wangu

Mimi ni muuza nyama, bucha yangu iko Matisi hapa Kitale, na nitasema wazi: watu wa vizuizi vya barabarani siwapendi. Nyama yangu ikipigwa muhuri wa Trans-Nzoia ni safi mpaka Kiminini. Ikivuka kuingia Bungoma, ati si safi tena mpaka daktari wa huko aikague upya na kupiga wino wake. Ng'ombe ni yule yule, kisu ni kile kile, kinachozidi ni jua tu. Na wale ng'ombe wanaoingia kutoka Uganda kwa njia za panya kule Suam wanapita kwa miguu yao wenyewe, hakuna anayewauliza lolote. Sheria ni msumeno, watu husema. Huu wetu una meno upande mmoja.

Lakini hasara ya biashara nimeizoea. Kinachoniuma mpaka leo ni mwaka ule wa tohara.

Dada yangu ameolewa Bungoma, mke wa kwanza kati ya wawili. Kifungua mimba wake alipofika umri wa kutahiriwa, alikuja nyumbani kwangu Kibomet na njuga mkononi, kama desturi yetu inavyotaka. Mjomba ndiye huchinja fahali, akakata ukanda mrefu wa nyama ya kifuani na kumvika mpwa wake shingoni. Kijana anarudi nao kwa baba yake kabla jua halijatua, watu wauone, wajue mama yake ana kwao. Asipokuwa nao, mama mtu anaonekana kama aliokotwa njiani. Heshima ya dada yangu kwa wakwe zake ilikuwa imening'inia kwenye ule ukanda, nami nililijua hilo vizuri.

Mwaka huo ng'ombe walikuwa wanaugua miguu na midomo, kwa hivyo vizuizi viliongezwa. Wajomba wengine walichinja uani na kuwaachilia wapwa wao waende. Mimi nilimwita mkaguzi wa nyama nyumbani, na hata leo sijutii. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kuuza nyama atamvika mtoto wa dada yake kitu ambacho hakijapimwa? Mkaguzi akapasua moyo, akakagua mapafu na ini, akasema fahali ni mzima. Nikamwomba apige muhuri hata kwenye ukanda, na auandike kwenye kibali cha kusafirisha nyama. Mke wangu aliguna.

"Baba watoto, kwani unapeleka nyama sokoni?"

Nikamwambia aniachie mambo ya nyama.

Tukaondoka na pikapu, kijana nyuma, ukanda shingoni, na wenzake wakiimba, sanduku la nyama iliyobaki likiwa katikati yao. Kwenye kizuizi cha mpakani mwa Bungoma tulikuta pikapu nyingine mbele yetu. Nayo ilibeba kijana wa kutahiriwa, nyama mbichi inamning'inia shingoni, haijaonwa na jicho la daktari yeyote. Askari walicheka, mmoja akacheza kidogo ule wimbo wao, wakafungua njia.

Zamu yetu ikafika. Nikatoa kibali changu kabla sijaulizwa. Afisa wa afya akakisoma, kisha akamtazama mpwa wangu.

"Mzee, hapa imeandikwa nyama isafirishwe ndani ya sanduku. Hii iko shingoni."

"Hiyo ni ya mila, afisa. Si umeona hao wengine wamepita?"

"Hao hawana karatasi. Yao ni mila. Yako imeandikishwa, ina muhuri, kwa hivyo ni nyama ya biashara. Na iko wazi kwa vumbi."

"Basi chana hiyo karatasi, bana, tupite na mila yetu."

"Karatasi ya serikali haichanwi, mzee."

Wakamvua. Kijana alijishika shingo pale palipobaki mafuta. Ukanda ukatupwa shimoni na kumwagiwa mafuta ya taa. Sanduku nalo likazuiliwa mpaka daktari wa Bungoma aje kulikagua. Daktari mwenyewe, tukaambiwa, amechukua likizo, mwanawe naye anatahiriwa. Nililia kwa hasira mbele ya askari wanaoweza kuwa watoto wangu, na sioni haya kulisema.

Nilimpigia dada yangu simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wamejaa hapa, kaka. Niwaambie nini?"

Jibu lilitoka huko huko Bungoma. Kaka wa mke mwenza wake ndiye aliyelitoa. Kwake ni mwendo mfupi kutoka kwa dada yangu, hakuna mpaka wowote wa kuvuka. Alichinja fahali wake haraka, akatungoja barabarani, akamvika mpwa wangu ukanda, na kijana akaingia kwa baba yake na nyama ya mtu asiye wa damu yake. Kesho yake asubuhi alikikabili kisu bila kupepesa jicho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya watu, na shemeji zangu walinisalimu kwa midomo tu.

Kwetu aliyekuvika nyama ndiye mjomba wako. Disemba iliyopita kijana huyo alioa. Posa ilipopelekwa sikuitwa, yule mwingine ndiye aliyekalia kiti changu. Kisha harusi ilipokaribia dada yangu akapiga simu, na moyo wangu ukaruka, nikajua sasa yamekwisha. Aliniuliza hali ya watoto. Halafu akasema wanahitaji nyama ya harusi, na nihakikishe ina mihuri ya kaunti zote mbili.

Nilipeleka. Ningefanya nini? Kizuizini nilipita bila swali lolote. Bwana harusi mwenyewe alikuwa langoni na suti yake mpya, akanishika mkono kwa heshima zote.

"Karibu, mzee," akaniambia. "Wa nyama wanapitia nyuma, kule kwa wapishi."