Makaburi Mawili ya Korongoni

Mwanamume anayekubebea maji bila kuombwa, mimi humtazama mara mbili. Huyu alinipokea pikipiki iliponishusha nje ya Mkange, akachukua chupa yangu na stendi ya kamera, akasema atanipeleka kwenye nguzo. Nikamuuliza amejuaje kuwa nimefuata nguzo. Akacheka tu.

Nilikuwa nimetoka Bagamoyo kwa ajili ya korongo lililopakana na shamba la shangazi yangu. Mvua zimelimega bonde lile mpaka zimebaki nguzo za udongo mwekundu, nyingine ndefu kuliko nyumba, kila moja imejitwika jiwe jeusi. Hamuoti kitu humo, na ukikanyaga, changarawe inakutoroka miguuni. Iko moja iliyoinama kama mwanamke anayejitwisha ndoo. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

Shangazi alikwisha kuniambia kwenye simu kwamba kuna mtu kazuka, anadai ukingo wa korongo pamoja na mikorosho yake yote ni urithi wa babu zake. Kamati ya ardhi ya kijiji ingekaa Jumamosi. Mikorosho ile ndiyo inayomlisha tangu afiwe na mumewe. Mtu mwenyewe yukoje, hakunieleza, lakini kila nilivyomtazama huyu mbeba maji, ndivyo nilivyozidi kumshuku.

Alinizungusha sana. Nikitaka kupiga picha nguzo upande wa jua, ananivuta kwingine, "Huku kuzuri zaidi, dada." Hatimaye tukafika chini ya ile iliyoinama. Mbele yake palikuwa na matuta mawili ya udongo, kila moja na jiwe kichwani na jiwe miguuni.

"Nipige na hapa. Babu zangu hawa, walimu wa chuo, watu wa swala tano."

Akachutama, akaweka mkono juu ya jiwe, akatengeneza uso wa huzuni. Nikampiga.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nilitandika khanga nikaelekea kaskazini, maana kwetu kibla ni huko. Yeye akasema ataswali baadaye. Nilipomaliza kutoa salamu, macho yakatua kwenye yale makaburi. Muislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kaburi lake hukingama mbele ya anayeswali. Haya yalikuwa yamenyooka kuelekea kibla kama reli. Walimu wa chuo, eti, wamezikwa wakiipa kibla utosi!

Niliogopa, sifichi. Tulikuwa wawili tu shimoni mle. Nikajitia ujinga, nikauliza, "Nani aliwazika, kaka?"

"Wanafunzi wao," akajibu. Lakini naye alikuwa anatazama khanga yangu, halafu makaburi, halafu khanga tena. Wakati wa kurudi, chupa niliibeba mwenyewe.

Shangazi nilimkuta uani anabangua korosho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na yule anayeidai mikorosho yangu?"

Nilipomweleza habari ya makaburi, aliacha kubangua. Akaniambia nifunge mdomo mpaka Jumamosi, na kamera nilale nayo. Nikalala nayo kweli, chini ya mto, na kila jani lililoanguka juu ya bati nilidhani ni yeye.

Jumamosi kamati ilishuka korongoni, sisi nyuma. Nilijua uzito wa jambo hili: katika kesi za mashamba huku kwetu, kaburi la babu husikilizwa kuliko maneno ya mjane. Yule bwana alitangulia, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Tukafika chini ya ile nguzo iliyoinama. Makaburi yalikuwa yamekingama. Mawe yale yale, nguzo ile ile, ila sasa yamelala sawasawa kama ya watu wa swala tano. Mwenyekiti akainua mikono kuwaombea marehemu, wazee wakaitikia amina. Nilimwona shangazi akigeuka kuitazama mikorosho yake.

Nikawasha kamera, nikampa. Alimwangalia kwenye picha yule bwana aliyechutama kwa huzuni, mkono juu ya jiwe, na makaburi yaliyonyooka kwenda kibla mbele ya nguzo ile ile. Akampelekea mwenyekiti. Kamera ikapita mkono kwa mkono, na yule bwana akaanza kufuta jasho kwa kofia yake.

"Waombeeni tena, wazee wangu," shangazi akasema. "Marehemu hawa hawalali vizuri. Wanajigeuza."