Uwanja wa Migosi Uliorudishwa Kama Ulivyokuwa

Bomba la maji taka la mtaa wetu wa Migosi, mjini Kisumu, lilipita chini ya uwanja wa nyumba yetu, jambo ambalo hakuna aliyetuambia tulipohamia. Tulilijua mwanzoni mwa miaka ya tisini, lilipopasuka. Kwa miezi kadhaa tuliishi na harufu ambayo wageni waliivumilia kwa adabu, huku wakikataa chai. Mume wangu, karani mwenye imani kubwa na karatasi, aliandika barua kwa wahusika. Kisha akaandika nyingine kuulizia ya kwanza. Hatimaye mabomba ya mtaa mzima yalipoanza kukarabatiwa na kontrakta akatuma watu wake kwetu, mume wangu aliamini kwamba ni barua zake zilizowaleta, ingawa walikuwa wamekwishachimba kwenye nyumba kumi na moja kabla ya yetu.

Msimamizi wao alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa kofia ngumu ya njano hata akiwa sebuleni kwetu, labda kwa kuogopa dari. Alichora mstari wa rangi nyekundu kutoka langoni mpaka kwenye ngazi za jikoni, ukapita katikati ya bustani ya mboga ya mama mkwe wangu. Akatueleza kwamba kazi ingechukua siku saba, na baada ya hapo kila kitu kingerudishwa kama kilivyokuwa. Alilitamka hilo la mwisho kwa utamu wa mtu anayebariki ndoa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka kijijini, ng'ambo ya Kisian, baada ya kufiwa na mumewe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alikitumia kama chumvi. Ile bustani ya dek na osuga, mboga za kwao, ndiyo iliyokuwa shamba lake lote hapa mjini.

"Muulize," aliniambia kwa Kijaluo, "atajuaje ilivyokuwa na hata hajaiangalia?"

Nilitafsiri kwa upole kuliko alivyosema. Ndiyo kazi ya mke wa mwana.

Zile siku saba ziliisha katika wiki ya tano. Mtaro ulitutenga na lango, tukawekewa ubao mmoja wa kuvukia. Kila jioni nilirudi kutoka shuleni nikiwa nimekumbatia madaftari ya wanafunzi, nikauvuka kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dawa. Mchungaji alipokuja kutuombea alisimama upande wa lango, akautazama ule ubao, akaamua kwamba Mungu husikia popote. Ua letu la minyaa lilikatwa kwa sababu lilikuwa njiani. Mlimau ulikatwa kwa sababu ulikuwa karibu na njia. Ngazi za jikoni zilivunjwa kwa sababu, nadhani, nyundo ilikuwapo.

Nisiwadhulumu lakini. Bomba lilitengenezwa, na harufu ikaisha. Siku hiyo nilivuta maji ya choo mara tatu mfululizo kwa furaha tu.

Ndipo wakaturudishia uwanja wetu, kazi iliyochukua asubuhi moja. Udongo mzuri uliokuwa juu ulikwenda chini. Ule mweusi wa chini, unaonata kama ugali mbichi, ukaja juu pamoja na vipande vya bomba la zamani, ambavyo pengine tuliachiwa tuvitunze kwa ukumbusho. Juu yake walitandaza nyasi walizong'oa kando ya barabara, na baada ya siku tatu jua likazifanya mkeka kweli. Pale palipokuwa na ngazi waliweka jiwe.

Msimamizi akaja na fomu ya kusema kwamba mwenye nyumba ameridhika. Jirani yetu wa mkono wa kulia, mfanyabiashara wa nguo aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a, alikuwa ameshatia sahihi yake ili tu wamwondokee. Mume wangu naye akatoa kalamu; sijaona mtu anayependa kutia sahihi kama yeye. Mama mkwe akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha alasiri ya jana yake.

"Bwana," akamwambia msimamizi kwa Kiswahili chake, "hii udongo iko na nguvu?"

"Mama, hii ni kama lami."

"Hata lori inaweza pita?"

Msimamizi akacheka. Lori lao lilikuwa langoni, limejaa kokoto za nyumba inayofuata. Akamwashiria dereva aingie kinyumenyume. Mama mkwe akasogea pembeni. Gurudumu la nyuma likapita vizuri kiasi cha hatua mbili, kisha likaanza kushuka, polepole, bila kelele, kama mzee anayeketi. Lori likainama mpaka ubavu wake ukagusa nyasi. Mume wangu akarudisha kalamu mfukoni.

Lori lilikaa kwetu siku tatu. Mama mkwe alianika mashuka juu yake, maana kamba ya nguo nayo walikuwa wameing'oa. Watu walikuja kutoka mtaa wa Manyatta kulitazama, na jirani yetu akawa anawapa maelezo kana kwamba ni lori lake.

Siku ya pili niliwapikia uji vibarua waliokuwa wakingoja. Msimamizi alivua kofia, akakaa kwenye lile jiwe lililoitwa ngazi. Alinieleza kwamba mashine ya kushindilia udongo ilikuwa moja tu, na ilikuwa imepelekwa kwenye nyumba za wakubwa. Yeye mwenyewe alipanga chumba Manyatta, na choo chao kilikuwa cha shimo, cha watu wa ploti nzima.

"Mwalimu," alisema, "mimi natengenezea watu kitu ambacho kwangu hakuna."

Kwa wiki tano nilikuwa nimemwandalia maneno makali, mengine hata nimeyapanga vizuri. Nikakosa pa kuyaweka, nikamwongezea uji. Nilipomsimulia mama mkwe, alisikiliza mpaka mwisho, akasema anamwonea huruma sana, lakini huruma haijazi shimo.

Lori lilipovutwa, walichimba upya. Wakaleta udongo mwekundu wa changarawe kutoka Kisian, wakaumwaga kidogo kidogo na kuushindilia kwa magogo, kwa mikono. Kila walipomaliza tabaka moja, msimamizi alimtazama mama mkwe. "Podi," alisema yeye, yaani bado, nao wakaanza tena. Hata wasiokuwa Wajaluo walijifunza neno hilo siku ileile. Siku ya tatu ya kazi hiyo mama mkwe alitembea pekupeku kutoka langoni mpaka jikoni, akikanyaga kwa kisigino, ndipo akaitisha fomu. Nilimsomea kila mstari. Akaandika jina lake herufi moja moja, na mume wangu, mwenye nyumba, akawa shahidi.

Si kila kitu kilirudi. Mlimau haukuchipuka tena. Ngazi mpya hazikulingana kimo, kwa hiyo mume wangu alijikwaa kila asubuhi na kuahidi kuandika barua.

Jirani yetu alipoona uwanja wetu, alikuja kumwomba mama mkwe akamsemee na yeye. Mama mkwe alimngojesha mpaka amalize kupanda dek yake, kisha akajifunga leso na kumfuata. Wengine wakasikia. Siku hiyo alikagua nyumba nne, akarudi jioni amechoka, akilalamika kwamba mjini kuna kazi nyingi kuliko alivyoambiwa.