Mioyo Thelathini na Moja Niliyoizua

Wapendwa, mimi ni mwongo, na uongo wangu ulimwangusha muntu aliyenifundisha kazi.

Nilikuwa asista, msaidizi wa profesa mmoja wa umeme katika chuo kikuu hapa Kalemie. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti. Alichukua mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, yaliyozama katika kelele, akayachuja kwa kompyuta mpaka mkunga ayasikie vizuri. Alizeekea humo.

Alinituma kijiji cha Mpala nirekodi mama arobaini wenye mimba. Nilirekodi tisa tu! Nilichoka, na nilitaka kuwahi harusi ya dada yangu. Basi nikazinakili zile rekodi tisa mpaka zikafika arobaini, nikazikata mwanzo zisifanane, nikaandika majina mengine.

"Zote ziko?" Prof aliniuliza.

"Zote, Prof."

Hakukagua. Aliniamini, jamani!

Siku ya kuonyesha kazi yake ukumbi ulijaa. Profesa mmoja mgeni akainua mkono. "Moyo tumeusikia. Sasa tusikilizishe ile kelele uliyoitoa."

Prof akatabasamu, akabonyeza. Katika kelele ya mama wa kwanza, mwanamke aliita kwa mbali: "Mama Feza, maji inachemka!" Mama wa pili: "Mama Feza, maji inachemka!" Wa tatu, sauti ile ile. Watu wakaanza kucheka.

Prof alinigeukia. Nikaangalia viatu vyangu. Mungu wangu, si ningesimama pale pale niseme!

"Kazi hii ina jina langu," akawaambia. "Kosa njo langu."

Wakubwa wa chuo walimnyang'anya maabara. Mashine yake ya kuchuja sauti haikumfikia mkunga hata mmoja. Na miye? Nilibaki na biro yangu, ofisi yenye jina langu mlangoni, wala hakuna aliyeniuliza kitu. Miaka miwili nimepokea salamu za wanafunzi na mshahara wa kila mwezi.

Mwezi uliopita nilimfuata Prof kule Kabimba, anakoishi sasa. Siku hizi anafunga nyaya za umeme majumbani. Nilimkuta juu ya ngazi.

"Prof, nitawaandikia wale wakubwa wa chuo barua. Nitasema ni miye."

"Andika, mama," alijibu bila kushuka. "Lakini usiniletee nisome."

Barua nimeipeleka jana. Watakachonifanya, wanifanye.

Ninyi mnaotumwa na watu wanaowaamini, nawasihi! Kama kazi hamukuimaliza, rudini mseme hamukuimaliza. Aliyekutuma atakugombeza, atapiga meza, labda atakununia wiki nzima. Vumilia. Wiki itakwisha, na bado utakuwa na muntu wa kukuambia, "Haya, mama, tuanze upya."