Imla za Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata baada ya kustaafu, na alikuwa na vituko vyake. Ufunguo wa akiba aliuficha kwenye pipa la taka, chini ya magazeti ya zamani. "Mwizi gani atapekua takataka?" alizoea kusema. Mkewe, fundi cherehani, alimcheka mpaka mbavu zikamuuma.

Sasa Mwalimu ana miaka miwili kaburini, na chumbani kwake hakuna anayecheka. Kompyuta yake ipo palepale mezani. Wiki ile ya mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Imla nilizowarekodia wanafunzi zimo humu. Usizipoteze." Fundi hakuwahi kuthubutu kuzisikiliza. Lakini kila alipoiwasha kompyuta ili aandike vipimo vya wateja, feni ikaanza kuguna, alihisi mtu yuko nyuma yake, anakohoa kidogo kabla ya kusema: Andika. Nywele zilimsimama. Aliogopa, na papo hapo akatamani akohoe tena.

Mashine yenyewe ilikuwa ikijikokota. Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, akamshauri abadilishe mfumo wake, aweke Linux, eti ni nyepesi.

"Tufute kila kitu, dada, tuanze upya?"

"Ufute? Una wazimu wewe?"

"Haya, basi tuigawe diski. Mambo ya shemeji yabaki upande mmoja, Linux ikae upande wa pili. Ila imejaa pomoni. Nakuandikia hatua za kupata nafasi, zifuate moja moja. Jumamosi nakuja kukata."

Kukata ndiyo kazi ya fundi cherehani, na hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Alivaa miwani, akafuata karatasi neno kwa neno. Kwanza akanakili hati na picha kwenye flashi. Pili, karatasi ikasema, safisha pipa la taka la kompyuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Taka ni taka. Zoezi likachukua muda mrefu, mpaka akanung'unika, "Mwalimu nawe, uchafu wote huu!"

Akampigia mdogo wake simu, kichwa juu.

"Nusu ya diski iko wazi!"

"Nusu nzima? Taka gani hizo, dada?"

Fundi akafungua kinywa ajibu. Ndipo akaukumbuka ufunguo chini ya magazeti. Imla nazo alizificha kwenye taka.

"Dada? Kulikuwa na nini?"

"Nimemfuta," akasema. "Nimemfuta mume wangu."

"Chomoa waya! Usiiwashe tena! Vilivyofutwa huenda bado vimo, mradi kisiandikwe kitu juu yavyo."

Jumamosi mdogo mtu alikuja na bisibisi badala ya Linux. Akaitoa diski, akamweleza kuwa kuna mtaalamu mjini anayejua kufufua vitu vya namna hiyo, akivikuta. Fundi aliizungushia kipande cha pamba, akaiweka kwenye sanduku la nyuzi.

Mpaka leo hajaipeleka. Mdogo wake amemsihi, wamegombana, wamenuniana. Fundi anashindwa kumwambia mtu kwamba anaogopa jibu la mtaalamu kuliko alivyoiogopa ile sauti. Anashona kutwa nzima, sanduku likiwa karibu na mguu wake. Cherehani ikinyamaza, husikia mtu akikohoa. Huacha sindano, akangoja aambiwe aandike.