Karatasi Tupu Ndiyo Maji

Kuna milima ya Uchina ninayoijua kuliko vilima vya kwetu, na sijawahi kutoka Afrika Mashariki. Niliikuta kwenye kitabu kikubwa cha picha kilichojaa vumbi katika maktaba ya shule ninakofundisha sanaa, mjini Migori. Milima ile imesimama juu ya ukungu kama haina miguu. Chini kabisa mtu mmoja, mdogo kama punje ya mtama, anavuka daraja. Pembeni kuna mistari ya maandishi, na ilinichukua muda kujua kwamba yale ni mashairi. Wachoraji wa zamani kule walichora na kutunga kwa brashi ileile na wino uleule. Jambo lililokataa kuchorwa liliandikwa.

Nilishikwa. Mwaka mzima nilisaga masizi ya sufuria nikiyachanganya na gundi ya mgunga. Karatasi nyembamba nilinunua kwa Mwislamu mmoja mwenye duka mjini, aliyedhani nauza maandazi na nataka za kuyafungia. Wanafunzi walinicheka, na niliwaacha wacheke. Nikichora, nilikuwa napanda na kuteremka, napita chini ya misonobari nisiyowahi kuinusa, hata kengele ya jioni ikilia nahisi nimeamshwa usingizini.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba wachoraji wale hawakukaa mbele ya mlima wakiukodolea macho. Waliutembea, wakarudi nyumbani, wakauchora kutoka moyoni. Hapo ndipo nilipowaza boma letu.

Boma letu lilikuwa ufukweni, upande wa Homa Bay, na halipo tena. Miaka ile ya mvua nyingi ziwa lilipanda. Likala shamba la mtama, likala ua wa minyaa, likala nyumba, mwisho likafunika kaburi la baba. Mama ni Mkuria; alirudi kwa kaka yake karibu na Isebania, vilimani, mbali na maji. Tangu siku hiyo hakumtaja baba, hata kwa bahati mbaya. Mtu akisema tu "mzee", yeye huinuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haiko motoni. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mama hakikuwa na mshindo wowote, na kiliniogofya. Niliogopa atakufa nacho, na baba atakuwa amezama mara ya pili.

Basi nikalichora boma. Juu niliweka Mlima Homa, umekatwa kiuno na ukungu. Nikaweka nyumba, na njia ya kushukia ziwani, na mtu mdogo mwenye ndoo. Ziwa sikuligusa. Katika michoro ile maji hayachorwi. Karatasi huachwa tupu, jicho likajaza lenyewe. Jumamosi moja nikaukunja mchoro nikaupeleka kwa mjomba.

Mama aliutandaza kwenye mkeka uani. Baba alikuwa Mjaluo, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili, kile chetu cha kujitengenezea.

"Huyu ni nani?" aliuliza, kidole kikiwa kwa mtu wa ndoo.

"Ni wewe."

"Mimi sikuwa napita hapo. Hapo iko na matope. Nilikuwa napita huku juu, kwa minyaa."

Kidole kikaanza kutembea. Kilishuka polepole, kikazunguka jiko ambalo sikuwa nimelichora, na mahali pale hasa palipokuwa na kamba ya nguo, mama akainamisha kichwa kidogo kama anapita chini yake. Sikuthubutu hata kukohoa. Kwa dakika chache alikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa nyuma yake, mtoto tena, nimeshika kanga yake. Kisha kidole kikafika kwenye weupe, kikagoma.

"Hapa umeacha wazi. Wino iliisha?"

"Haikuisha, mama. Hiyo ni maji."

"Yote?"

"Yote."

Akaondoa kidole. Nilikichukia kile kitabu, na nikauchukia ujuaji wangu. Kwa kuwa mwalimu akibabaika hufundisha, nikaanza kumweleza kwamba kule Uchina mtu aliyependa mchoro wa mwenzake aliruhusiwa kuandika maneno yake humohumo, hata kama mchoraji alikuwa amekufa zamani. Hakuna aliyeona kwamba ameuharibu.

"Hata mtu hajui kuchora?"

"Hata yeye."

"Uko na hiyo wino?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Alisubiri nichovye brashi, kisha akaweka kidole kwenye weupe, upande wa kulia wa nyumba, pale tulipomlaza baba.

"Andika hapa. Andika: Mzee, siku ile maji iliingia, nilibeba kuku zote. Wewe sikukuaga."

Niliandika. Herufi zimepinda mpaka leo. Kumbe kile kimya chake, nilichodhani muda wote ule ni huzuni, kilikuwa aibu. Mama alilia waziwazi, bila kujifunika uso, na mimi nililia naye. Tulipotulia, weupe ulikuwa bado mwingi, nikamuuliza kama kuna lingine la kuongeza.

"Hapana," alisema. "Hapo kwingine wacha hivyo. Na yeye akitaka kujibu, ataandika wapi?"