Sikio la Fundi Maduhu

Jirani yangu hapa Kiseke ana pampu ya kupandishia maji kutoka tangi la chini kwenda la juu, na kila maji ya bomba yanapokatika anasahau kuizima. Mwanzoni inanguruma taratibu, sauti nene ya mtu aliyeshiba. Kisha tangi la chini linapokauka inaanza kuvuta hewa, na sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inalia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Mume wangu hupaza sauti dirishani, "Jirani, pampu!" Mimi naacha ninachokifanya na kukaa chini, na kwa dakika chache ninakuwa tena mtoto wa darasa la nne kule Mkolani, nimeinama kwenye gereji ya baba yangu, mpini wa bisibisi ukiwa umegusa sikio langu.

Baba aliitwa Fundi Maduhu. Gereji yake ilikuwa uwani kwetu: mabati sita juu ya nguzo, meza ya mbao iliyolowa oili, na harufu ya petroli iliyoingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Mama aliilalamikia harufu hiyo kila siku ya Mungu. Mimi niliipenda, nadhani kwa sababu ilikuwa harufu ya Baba. Nilipewa jina la mama yake mzazi, Kabula, kwa hiyo hakuniita mwanangu kama baba wengine. Aliniita Mama, na akiniita hivyo mbele ya wateja nilijiona mtu mzima kabisa.

Kazi yangu pale ilikuwa kusikiliza. Fundi akitaka kujua kinacholia ndani ya injini huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma na mpini akauweka sikioni, na sauti hupanda mpaka kichwani. Baba alinifundisha nikiwa darasa la pili. Mwanzoni tulisikiliza kwa zamu, yeye kisha mimi. Baadaye zamu yake ikawa fupi, halafu ikapotea, nikabaki mimi tu. Aliniambia nina sikio zuri kuliko fundi yeyote wa Mwanza. Tulikuwa na ishara zetu pia: sauti ikibadilika, nainua mkono. Nilidhani ishara zile ni mchezo, na kwamba tunanyamaza ili tusiivuruge sauti. Msinicheke. Hata kwamba Mama alikuwa akimgusa bega kabla ya kumsemesha, niliona ni mapenzi yao tu.

Nilipokuwa darasa la nne, mjomba Kulwa, mdogo wake Mama, alinunua gari dogo la turbo. Mjomba alikuwa dereva wa lori la mizigo, kijana mrefu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na ndiye aliyenifundisha baiskeli kwa kukimbia nyuma yangu ameshika kiti. Gari lilikuwa na nguvu, lakini yeye alitaka zaidi. Vijana wenye magari walikuwa wamepanga kushindana Jumapili moja kwenye barabara ya vumbi upande wa Misungwi, na mjomba alikwisha kuapa mbele ya watu kwamba hakuna atakayemtangulia. Baba akaifungua turbo, akaongeza msukumo wake wa hewa, akabadilisha na mengine nisiyoyajua. Lililobaki lilikuwa mafuta.

Hapo nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sinia na kikombe vya jikoni. Alimimina maji kwenye sinia, akaliinamisha, maji yote yakakimbilia upande mmoja. "Hili ndilo tangi la gari, Mama. Pana, halina kina. Gari likikata kona kwa kasi, petroli inakimbia, pampu inabaki inanyonya upepo." Kwa gari la kawaida si neno, litakohoa na kuendelea. Lakini turbo inashindilia hewa ndani ya injini, na petroli ikipungua wakati huo, joto linapanda ghafla na pistoni zinayeyuka. Kisha akamimina maji kwenye kikombe, akakiinamisha kidogo. Chini yake maji hayakuondoka. "Kwa hiyo tunaweka kikombe kati ya tangi na injini."

Mafundi wana jina lao la kigeni kwa kitangi hicho. Baba alikiita kibuyu, na kweli alikiunda kikafanana na kibuyu, chuma kirefu chembamba, alichokichomelea mwenyewe. Pampu ndogo ingetoa petroli kwenye tangi la gari na kukijaza wakati wote. Pampu kubwa ingenyonya chini ya kibuyu na kuipeleka kwenye injini. Kila kitu kilitegemea pampu ndogo. Ikizidiwa na kubwa, kibuyu kinakauka, na hapo ni bora usingekuwa nacho.

Pampu kubwa mjomba alikuja nayo. Ndogo zilikuwa mbili za kuchagua: moja kuukuu, nyeusi, iliyotolewa kwenye gari bovu, na nyingine mpya, inang'aa ndani ya boksi lake. Tulianza kuzipima Jumamosi baada ya chai. Baba aliunganisha nyaya kwenye betri, petroli ikamwagika kwenye jagi la Mama lenye mistari ya vipimo (Mama hakulitumia tena maisha yake yote), nami nikashika saa ya Baba na kuinua mkono dakika ilipotimia. Ile mpya ilijaza jagi vizuri kuliko kuukuu. Baba akaigeuza geuza mkononi, akainusa, akasema, "Nzuri. Ila hizi mpya zikipata joto hujui zitafanya nini." Basi akaifunga hiyo mpya pamoja na pampu kubwa na kibuyu chao kwenye gari, akarudisha mpira wa mwisho ndani ya tangi la gari ili petroli izunguke bila kwenda popote, na kuziacha zifanye kazi kwa nguvu zote. Kibuyu kilikuwa cha chuma, huwezi kuona ndani. Jagi halikuwa na msaada tena. Palibaki sikio.

"Nusu saa, Mama," aliniambia. "Ikibadilika hata kidogo, mkono."

Sasa ninyi mnaonisoma ni lazima mjue jambo lingine. Siku hiyo shangazi yangu alikuwa anafanya sherehe ya kipaimara cha mwanawe, huku huku Kiseke ninakokaa leo. Kulikuwa na pilau, sato wa kukaanga, na soda ya mtu mzima, yaani chupa nzima bila kugawana. Nilishonewa gauni la njano. Mama alikuwa ametangulia tangu asubuhi, na Baba alisema tutaondoka kazi ikiisha. Gauni lilining'inia mlangoni, naliona kutoka pale nilipoinama.

Ilikuwa kama dakika ya ishirini. Mngurumo ule mnene ukayumba kidogo, ukarudi, ukayumba tena, kisha ukapanda na kuwa mwembamba. Niliusikia vizuri kabisa, kama ninavyoisikia pampu ya jirani. Nikainua macho. Baba alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mikono magotini, akiniangalia usoni. Hakuwa anaiangalia pampu. Nikapiga hesabu ya kitoto: nikiinua mkono, tunafungua kila kitu, tunafunga ile nyeusi, tunaanza nusu saa nyingine, na pilau linaisha. Nilikaza uso. Mkono niliuacha pajani.

"Vipi?"

"Iko vilevile, Baba," nilisema, na nikatikisa kichwa kwamba hapana, hakuna kitu.

Alicheka kwa furaha, akanishika kidevu na kuniachia alama ya oili. Tulifika Kiseke watu wakiwa bado wanakula. Nilipata soda yangu nzima.

Jumapili ya mashindano, kwenye kona ndefu kabla ya mashamba ya pamba, injini ya mjomba ililia mara moja na kukata. Gari likizimika kwenye mwendo ule, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu kama jiwe. Liliacha barabara, likaingia kwenye pamba na kupinduka. Mjomba Kulwa hakufa. Walimkata mguu wa kulia chini ya goti, na hakuendesha lori tena.

Baada ya wiki mbili ndugu zake Mama walikuja kwetu kwa kikao. Mimi nilipitisha maji ya kunawa, kisha nikabaki nimesimama na birika, hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Mjomba mkubwa, kaka yao, mzee wa maneno machache, alikaa akimtazama Baba na kusema kwa sauti kubwa, kama anayejua kitu.

"Shemeji, sisi hatukuja kugombana. Tunauliza tu. Hizo pampu ulizipima?"

"Nilizipima."

"Watu wanasema masikio yako siku hizi hayasikii vizuri. Kama ni hivyo, sema, shemeji. Huo ni ugonjwa, si kosa. Tutaelewa."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Baba alichelewa kujibu mpaka nikadhani hakusikia.

"Nasikia," alisema. "Pampu niliisikiliza mwenyewe, kwa sikio langu. Ilibadilika, nikaidharau. Kosa ni langu."

Mjomba mkubwa alisimama, akachukua kofia yake. Kwenye upande ule wa familia hakuna aliyekanyaga kwetu kwa miaka mingi, na Mama alikwenda kwao misibani peke yake. Habari ilienea kwamba Fundi Maduhu alisikia ubovu akanyamaza. Wateja waliondoka mmoja mmoja. Baba akauza vifaa vya injini na kuanza kuchomelea mageti na madirisha, kazi isiyohitaji masikio. Bisibisi ndefu sikuiona tena. Hakuniita tena gereji, nami nililia kwa siri, nikijua nimefukuzwa kazi. Jina la Mama aliendelea kuniita, kwa sauti ile ile, na hilo ndilo lililonishinda kuvumilia.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alisema uongo siku ile kwa kiburi cha fundi, asijulikane kuwa ni kiziwi. Na nitakiri, niliona nafuu, hata nikamdharau kidogo. Nilikuja kuelewa nikiwa na binti yangu mwenyewe wa miaka tisa, aliyeweza kunitazama machoni na kusema hakugusa sukari huku ipo mdomoni. Mjomba mkubwa alimpa Baba mlango wa kutokea. Angesema tu, "Sisikii," wangemhurumia. Lakini swali la pili lingekuwa, "Basi nani alisikiliza?" na watu wote mle sebuleni wangegeuka kumtazama mtoto aliyeshika birika.

Mama alinithibitishia kabla hajafariki, tukimenya viazi, kama jambo dogo. Siku iliyofuata ajali, Baba alikwenda kuzifungua pampu kwenye gari lililopondeka, akazijaribu tena nyumbani pamoja na kibuyu, na safari hii akaweka mpira mweupe unaoonyesha ndani. Kwenye dakika ya ishirini aliona mapovu ya hewa. Aliingia chumbani na buti zake za kazi, akakaa kitandani. "Alisema, 'Mtoto alisikia,'" Mama aliniambia. "Halafu akasema nisikwambie kwamba anajua."

Mwishowe nilikwenda kwa Baba. Mama alikuwa amekwishafariki, na Baba alikuwa mzee, kiziwi kabisa, anakaa barazani pale pale Mkolani na miwani yake mikubwa. Nilimshika mkono na kumwambia shikamoo, akaisoma midomoni, akasema marahaba Mama. Kisha nikahamia ubavuni kwake, tukawa tunatazama geti pamoja, na nikasema yote. Nilisema juu ya gauni, pilau, dakika ya ishirini, mguu wa mjomba. Nililia. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka kumi. Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyomwitikia kila mtu aliyehisi kwamba anaongea naye, na akanipigapiga mgongoni. Nilirudi Kiseke nikiwa mwepesi, nikamwambia mume wangu kwamba Baba amenisamehe. Baba alifariki kabla ya Pasaka.

Sikusema uongo kwa mume wangu, au nilidhani sisemi. Ilinichukua muda kukubali nilichokifanya pale barazani. Ningekaa mbele yake, angeniona midomo. Niliondoka mbele yake kwanza, ndipo nikaanza kusema. Na Baba, akiwa na miwani yake, macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Gazeti la siku ile lilikuwa mapajani mwake, amekwisha kulisoma lote, na kwenye mkoba wangu nilikuwa na kalamu ambayo sikuitoa.