Nilimupa conseiller jina ya kambo yangu

Musitafute muntu mwingine wa kulaumu. Ni minyi! Minyi na hii kinywa yangu yenye haijue kufungwa. Conseiller wetu wa commune, ule diwani mwenye munatukana kila siku hapa Kamina, minyi njo nilimupandisha. Na sikumupandisha na kitu yangu. Nilimupandisha na jina ya kambo yangu, baba ya mama, mwenye alikuwa amelala zake pole pole mu udongo.

Muache niseme yote, kisha munitukane. Inanifaa.

Ule bwana alizaliwa mu camp ya bakazi ba rail, sawa vile minyi. Baba yake alitoka mbali, baba yangu pia alitoka mbali. Hiyo haiko zambi. Zambi yake iko ingine. Mara ya kwanza aliomba kiti ya député, mubunge wa province: akaanguka. Mara ya pili akabadirisha parti, akabadirisha rangi ya tricot, ile fulana ya parti, akaomba ile ile kiti: akaanguka tena, na kishindo! Bantu balicheka asema hata bibi yake alichagua mwingine. Mara ya tatu akashuka chini: "Sasa ninataka tu kuwa conseiller wa commune, nikae karibu na raia." Parti ya tatu, rangi ya tatu. Na minyi mujinga nilivaa tricot zote!

Munauliza juu ya nini? Juu ya baba yangu. Wakati alikufa, bakubwa ba kazi yake balituma tu salamu. Ule bwana alikuya yeye mwenyewe. Akavua viatu, akaikala chini mu vumbi pamoja na siye mpaka kilio ikaisha. Minyi niko muntu wa vile: ukilia na minyi, nitakufwata hata mu moto. Toka ile siku, muntu akimusema mubaya mbele yangu, tunapigana. Masomo sikufika nayo mbali. Maneno nilijifunza mu radio na ku gare, kwa kubishana na bakubwa. Lakini kusema, ninajua! Ku quartier, mu mutaa wetu, bananiita Micro.

Basi, campagne ya tatu, ya kutafuta kura. Tulivuka rail, tukaenda ku quartier ya balimi, kwabo na mama yangu. Kule njo kwenye kuko bantu mingi, na bote banachagua pamoja. Nikakamata mégaphone, nikamusifu, nikamusifu. Mama mumoja akasimama, amefunga kikwembe yake nguvu mu kiuno.

"Weye bwana, tulikuona na kijani, tulikuona na bleu. Leo uko manjano. Kesho utakuya na rangi gani, kinyonga?"

Kicheko! Na muzee mumoja naye akaongeza, bila kusimama hata:

"Uko mutoto wa nani hapa? Bazee bako balizikwa wapi? Tuonyeshe kaburi moja tu, tukuchague."

Ule bwana akajipanguza uso. Jasho inamutoka. Akaniangalia. Na minyi, pahali ya kunyamaza, damu ikanipanda ku kichwa. Nikapiga kelele mu mégaphone:

"Iko wetu! Ni Banze! Ameikala chini na bafu betu, amebeba jina ya kambo yangu Banze!"

Aa mama! Kama ningejua kukula ile neno mbele itoke!

Na sikuishia pale. Nikamwaga masifu yote ya kambo, yenye mama alikuwa ananiimbia niko mudogo: Banze jembe haikimbie jiwe, Banze mwenye alifungua pori ya kwanza huku, Banze mwenye anangojeaka mugeni wa mwisho mbele anawe mikono. Bazee bengine bakaanza kulia. Mama-mukubwa mumoja akapiga vigelegele.

Kwetu jina ya mufu, muntu mwenye alikufa, haiko ya kuita tu. Muntu akipewa, mutoto ya ule mufu anamupaka pemba, ule udongo mweupe, ku mikono na ku kifua, mbele ya bote. Kutoka pale, ule muntu njo mufu mwenyewe amerudia. Mama yangu angemwita "tata", baba yake. Angemutolea kiti. Balimi bakasema: vizuri, mama yako amupake, tutamuamini.

Mama alikatala.

"Mwanangu, hiyo jina ninaichungia mutoto wa dada yako."

"Mama, dada hana hata bwana! Ule muntu aliikala chini juu ya bwana yako. Weye ulimurudishia nini? Hata kiti hukumupa!"

Nilimusemea vile, na sauti ya juu, majirani banasikia. Mama akaniangalia kidogo tu. Siku ya mungu, kisha misa, akamupaka pemba. Minyi nilikuwa ninacheza, na mégaphone ku bega!

Akapita. Kule camp, kwenye balimujua toka butoto, habakumupa kitu. Ni balimi ba ngambo ya rail njo balimuikalisha ku kiti. Hapana yeye: ni Banze njo bantu balichagua.

Mwezi haikuisha, akavaa rangi ya ine, ile ya parti ya bourgmestre, mukubwa wa commune. Nikamutetea! Nikasema ni akili ya politike. Mu conseil hakufunguaka kinywa, ni mukono tu inapanda: batoe bamama ba samaki ku barabara? Mukono juu. Bakate mashamba ya quartier bafanye ma-parcelle, viwanja vya kuuza? Mukono juu.

Asubuhi moja, yomba wangu, kaka ya mama, alifika ku shamba ya mihogo akakuta bornes za ciment, mawe ya mipaka, zimeshapandwa. Shamba ile njo kambo alifungua. Kaburi yake iko pale pale, na mawe kandokando. Tulikimbia, mama, yomba na minyi. Conseiller wetu, sasa banamwita Honorable, alikuwa amesimama na bapimaji, miwani mu macho.

"Honorable," yomba akasema, jembe mu mukono, "hii iko shamba ya baba yetu."

Akacheka.

"Yomba, baba yako ni nani?"

"Banze."

"Na minyi niko nani?"

Yomba akashusha jembe. Muzee mukubwa, kinywa wazi tu! Nikaingia katikati, nikamukamata shati:

"Weye hauko Banze! Minyi njo nilikupa ile jina!"

Hakukasirika hata. Akatoa vidole vyangu pole pole, kimoja kimoja.

"Petit, ulinipa ao ulinikopesha? Jina ya mufu banakopeshaka? Mama yako alinipaka pemba, quartier yote inaangalia. Kama ilikuwa bongo, uongo, wambia bantu sasa hivi asema mama yako alifanya bongo na mikono yake, kisha misa."

Bantu balikuwa balishafika mingi. Bananiangalia. Mama ananiangalia. Minyi, Micro, mwenye sikosake neno! Nikanyamaza. Njo siku moja tu yenye nilinyamaza, na njo siku yenye ilifaa niseme.

Leo kaburi ya kambo iko mu parcelle ya muntu, nyuma ya choo.

Munazani imeishia pale? Haiko pale kwenye inauma zaidi. Inauma ku soko. Bale bamama ba samaki, benye samaki zinatoka Kabondo-Dianda, benye alitoa ku barabara, sasa hakuna mwenye anamwita na jina yake ya camp. Bananiamini kuliko vile nilitaka! Siku moja nilisindikiza mama kununua samaki. Mwenye kuuza akaona gari ya commune inapita, akatema mate:

"Banze mwizi! Banze kinywa ya choo! Udongo imukatale!"

Mama akaweka bassin chini. Alisikia jina ya baba yake inatemewa mate mbele ya soko yote. Nikakunja ngumi, nikaendea ule mama. Mama yangu akanishika nguo.

"Utapiga nani? Anaita jina yenye ulimufundisha."

Akabeba bassin, tukarudia ku nyumba. Mpaka leo ananipa bukari, ugali yetu, ananiwekea maji ya kunawa, lakini hanisemeshe sawa zamani.

Dada yangu alipata bwana, na amezaa. Mutoto mwanaume, kichwa kubwa, sauti kubwa sawa yangu. Yomba alikuya kuuliza: "Tunamupa jina gani?" Sote tukaangalia mama. Akamukamata mutoto, akamunusa ku shingo.

"Jina yake iko na kazi mu conseil," akasema.

Mutoto ameanza kucheka, na siye tunamwita tu Bebe.

Bandugu, nawaomba! Mukipenda mwanasiasa, mumupe miguu yenu, mumupe sauti ikauke, mupigane juu yake kama muko bajinga sawa minyi. Sauti inarudiaka. Bafu benu mubaache mu udongo! Hata akilia na weye, hata akiikala mu vumbi ya kilio yako, mushukuru, mupe chakula, aende.

Juzi Honorable alituma muntu wake kwangu na tricot mupya. Rangi ya tano. Safari hii anataka tena kiti ya député. Ule kijana alisimama ku mulango, anachekelea, akasema:

"Micro, fanya haraka. Banze anakuita."

Na mama, kule ndani, alikuwa na mutoto ku magoti. Alisikia.